Betri za maji, zilizofungwa au lithiamu: uchague kwa mkono utakaozitunza

Chumba kilikuwa nyuma ya jiko la hoteli, pwani ya mashariki ya Unguja, kinapakana ukuta na jenereta. Kufungua mlango tu, joto likanipokea kama nachungulia tanuri la mikate ya mofa. Kwenye shelfu ya chuma zimepangwa betri 16 za volti 12, zimebanana hata kidole hakipiti baina yake. Sita zilikuwa zimefura mbavu. Nikamuuliza kijana anayeangalia umeme pale mara ya mwisho zilipimwa lini.

“Fundi, hizi zimefungwa. Wametwambia hazitaki kitu.”

Zilikuwa na miaka miwili na nusu. Karatasi ya mtengenezaji ilisema miaka kumi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Pemba, kwenye stoo moja ya barafu la samaki. Hapo kuna seli 24 za maji, za volti 2 kila moja, na zina miaka tisa. Juu yake hakuna vumbi. Msimamizi wa stoo, mama wa makamo, akanitolea daftari la skuli lenye kava la bluu lililopauka. Kila Jumamosi kaandika. Mstari mmoja nauona mpaka leo: “Seli ya 14, maji karibu na mstari wa chini, nimeongeza baada ya kuchaji. Volti 2.21. Joto la chumba 30.” Mama yule hakusomea umeme. Fundi aliyezifunga alimwonyesha mara moja, naye akashika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza betri ya akiba ipi ni nzuri, iwe ya hoteli, mnara wa simu, maabara au stoo ya baridi, huwa namrudishia maswali mawili kabla ya kutaja aina yoyote. Chumba kina joto gani saa nane mchana wakati wa kaskazi? Na nani, kwa jina lake, ataziangalia? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua betri. Bei inakuja nyuma yake.

Kazi yenyewe

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya akiba. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, unaoingilia Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo ilikuwa ikitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Hali imekuwa bora, lakini waliopitia miezi ile hawajaacha kuweka akiba.

Betri hizi hazikuwekwa zikuvushe mwezi. Zimewekwa zikuvushe zile dakika mpaka jenereta iwake, au saa chache mpaka umeme urudi. Zinaweza kukaa miezi mitatu hazijaombwa kitu, kisha zikaombwa kila kitu kwa sekunde moja. Ndiyo maana betri ya akiba ni rahisi kuisahau kuliko betri ya gari. Gari likigoma asubuhi unajua. Betri ya akiba inakufa kimya, na taa ya kijani ya chaja inaendelea kuwaka.

Joto kwanza

Betri za risasi, za maji na zilizofungwa, umri wake huhesabiwa kwenye nyuzi 20 au 25. Kanuni tunayoifuata mafundi ni kwamba kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi 25 hukata umri nusu. Chumba cha nyuzi 35, ambacho kwetu ni chumba cha kawaida kisicho na feni, kinaifanya betri ya miaka kumi iwe ya mitano. Ukiongeza ukuta wa jenereta, umepata hadithi ya ile hoteli.

Jambo la pili wengi hawalijui, na ndilo linaloua betri nyingi kuliko uzembe wa maji. Chaja inatakiwa ishushe volti chumba kikipata joto. Chukua betri ya risasi ya volti 48, yenye seli 24. Kwenye nyuzi 25 inashikiliwa kwa volti 2.25 kila seli, jumla 54. Kila nyuzi moja ikipanda, ushushe kama milivolti 3 kwa seli. Kwenye nyuzi 35 hiyo ni milivolti 30 mara seli 24, yaani volti 0.72. Basi chaja iwe kwenye 53.3 hivi. Ikibaki 54 mwaka mzima, inazikaanga. Chaja nyingi nzuri zina kiwaya kidogo chenye kipima joto cha kubandikwa kwenye betri. Mara ngapi nimekikuta bado kimefungwa kwenye mfuko wake wa nailoni ndani ya boksi! Kabla hujafikiria kubadilisha aina ya betri, katafute kiwaya hicho.

Betri ya maji

Hii ndiyo inayoonekana ya kizamani, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu haifichi. Ganda lake mara nyingi linaonyesha ndani. Ukimulika tochi ubavuni unaona kina cha maji, rangi ya mabamba na matope yaliyokaa chini. Ukichovya haidromita, kipimo cha uzito wa tindikali, unapata ukweli wa kila seli peke yake. Seli za akiba zilizojaa husoma kiasi cha 1.215 mpaka 1.240 kwenye nyuzi 25, kutegemea muundo, na betri za kufanya kazi ya kuchajiwa na kutumika husoma kiasi cha 1.265 na kuendelea. Usihofu namba ikiwa ndogo kuliko uliyoizoea kwenye gari. Soma karatasi ya betri yako. Seli moja ikiachana na wenzake, hiyo ndiyo habari, hata kama wastani ni mzuri.

Inataka nini kwako? Inataka mtu. Kila wiki au kila mwezi atazame kina cha maji, apime volti za jumla, apitishe macho kwenye vichwa vya betri kuona unga mweupe au wa kijani. Kila miezi mitatu apime volti na uzito wa tindikali seli moja moja. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, kwa sababu wakati wa kuchaji hupanda. Ukijaza kabla, tindikali inafurika na kula shelfu. Na ni maji tu. Usiongeze tindikali, kwa sababu kinachopungua kwa uvukizi na mapovu ni maji, tindikali haijaenda popote.

Hapa kwetu suala la maji lina uzito wake. Maji ya kisima cha Unguja yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Yakiingia kwenye seli hayatoki tena. Kuna hoteli zinakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi na kuyatia kwenye betri kwa sababu ni “maji ya hewa”. Yamepita kwenye shaba na vumbi, usiyatumie. Maji ya mvua ya bati vilevile. Nunua maji ya betri yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yahifadhi kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, na faneli yake iwe ya kazi hiyo tu.

Halafu kuna gesi. Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche moja. Ni gesi nyepesi kuliko zote, inapanda darini. Tundu la hewa liwe juu kabisa ya ukuta, siyo dirisha la kati. Chumba kisicho na tundu la juu hakifai betri ya maji, hata kama una mtunzaji bora kuliko yule mama wa Pemba.

Betri iliyofungwa

Wengi tunaiita betri kavu, ingawa ndani si kavu. Tindikali imenyonywa na blanketi la nyuzi za kioo, au imegandishwa kuwa jeli. Gesi inayotoka kwenye bamba moja inamezwa na bamba la pili na kurudi kuwa maji. Juu kuna vali inayofunguka presha ikizidi. Haimwagiki, haitaki maji, inaweza kukaa ofisini pembeni ya kompyuta. Kwa usafiri wa boti kwenda Pemba au Tumbatu ni raha tupu ukilinganisha na seli za maji zinazotaka kukaa wima kama mgonjwa.

Ubaya wake ni uleule uzuri wake: imefungwa. Joto likizidi, vali inafunguka, mvuke unatoka, na huwezi kuurudisha. Blanketi linakauka. Betri inayokauka inazidi kuvuta mkondo wa chaja, inapata joto, na joto linazidisha mkondo. Hapo ndipo zinapofura, na mwisho wake unaweza kuwa moto. Haina dirisha la kuchungulia wala shimo la haidromita. Kwa hiyo maneno “haitaki matengenezo” naomba uyasome hivi: haitaki maji. Ukaguzi inautaka wa makini zaidi ya betri ya maji, kwa sababu dalili zake ni chache.

Dalili hizo ni tatu. Ya kwanza ni volti za kila betri ikiwa kwenye chaja. Betri ya volti 12 nzima inashikilia kiasi cha 13.5 mpaka 13.8. Ukikuta moja ina 11.3 na jirani zake zimepanda, seli moja ndani yake imekufa na wenzake wanabeba mzigo wake; itoe leo. Ya pili ni joto lake, kwa kipima joto cha kulenga au hata kiganja, betri kwa betri. Ya tatu ni ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa kifaa chake maalumu. Kipimo hiki kina siri moja: namba peke yake haisemi kitu. Unatakiwa uwe na namba za betri hizohizo zilipokuwa mpya, zilizopimwa na kuandikwa. Ukinzani ukipanda asilimia 30 hadi 50 juu ya ule wa mwanzo, anza kupanga fedha. Asiyepima mwanzoni hana cha kulinganisha nacho miaka mitatu baadaye, na hili ndilo kosa ninalolikuta karibu kila mahali.

Lithiamu

Ninayoizungumzia hapa ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ile inayouzwa kwa sola na minara. Seli yake ni volti 3.2, na 16 zikiungwa zinatoa 51.2. Ni nyepesi, inavumilia kuchajiwa na kutumika maelfu ya mara, na haiumii ikikaa nusu tupu, jambo ambalo betri ya risasi hailiwezi: ile ikikaa tupu mabamba yake yanaota fuwele na haipandi tena. Kwa mahali ambapo umeme unakatika kila siku, au sola inaichaji mchana nayo inatumika usiku, lithiamu inastahili bei yake kubwa.

Kwa mahali ambapo betri inakaa imejaa mwaka mzima ikisubiri, faida hiyo ya maelfu ya mara huitumii. Umelipia mbio kwa chombo kilichotia nanga.

Utunzaji wake umehama kutoka kwenye chupa ya maji kwenda kwenye kompyuta. Ndani yake kuna ubongo wa elektroniki unaolinda kila seli. Ukiona hatari, unakata ghafla, pap, bila ile hali ya taa kufifia inayokuonya kwenye risasi. Na multimeta, kile kipima volti cha mkononi, inakudanganya: volti zake baina ya asilimia 20 na 80 karibu hazibadiliki, kwa hiyo fundi aliyezoea kusema “12.1, nusu” hana cha kusema. Anayeitunza lazima ajue kusoma ripoti ya ule ubongo, kuangalia tofauti baina ya seli, na kumbukumbu za kukatika. Chaja pia lazima iwe yake. Ukiichomeka kwenye chaja ya risasi bila kubadilisha mipangilio, ule mchajo wa nguvu wa kusawazisha seli za maji utaisumbua mpaka ijizime.

Chumvi ya bahari nayo haichagui. Watu wanadhani lithiamu haina unga mweupe basi imepona. Nimefungua boksi moja karibu na ufukwe, betri ndani safi kabisa, lakini pini za kiwaya cha mawasiliano zimekuwa kijani. Inveta ilikuwa haiioni betri, na usiku ule umeme ulipokatika hakuna kilichowaka.

Bega kwa bega

| | Ya maji | Iliyofungwa | Lithiamu |
|---|---|---|---|
| Kipimo kinachosema kweli | Haidromita, seli kwa seli | Ukinzani wa ndani, kulinganisha na wa mwanzo | Ripoti ya ubongo wake |
| Kinachoiua hapa kwetu | Maji mabaya, kusahauliwa | Joto na chaja isiyoshusha volti | Mipangilio mibaya, chumvi kwenye pini |
| Inakufaje | Polepole, unaiona | Kimya, kisha ghafla | Inajizima |
| Chumba | Tundu la hewa juu | Ubaridi, nafasi baina ya betri | Mbali na njia ya kutokea watu |
| Mtu | Mwaminifu wa kila wiki | Fundi wa kila miezi mitatu mwenye kifaa | Anayejua kompyuta |

Ipo ya nne, ya nikeli na kadimiamu, ambayo utaikuta kwenye mitambo mikubwa. Inavumilia joto kuliko za risasi: nyuzi kumi zikizidi inapoteza kama moja ya tano ya umri, wala si nusu. Ni ghali, na kadimiamu ni sumu. Ukiwa nayo, usiipime kwa haidromita iliyowahi kugusa tindikali, maana ndani yake ni alkali, na tone la tindikali linaiharibu.

Kipimo kimoja kwa betri za risasi

Chochote kati ya hivyo vya juu ni dalili. Ushahidi ni kuitumikisha. Viwango vya IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, namba 450 kwa betri za maji na 1188 kwa zilizofungwa, vinakubaliana kwamba betri iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake ibadilishwe. Kuijua asilimia hiyo si uchawi. Ikiwa una seti ya volti 48 yenye ampea-saa 200 kwa saa kumi, iwekee mzigo wa ampea 20 usiobadilika, na uhesabu muda mpaka ifike volti 43.2, yaani 1.80 kwa seli. Ikifika saa kumi ni nzima. Ikianguka kabla ya saa nane, anza kuagiza. Fanya hivyo mchana, jenereta ikiwa tayari, na siku ambayo hakuna wageni wala chanjo ndani ya friji.

Betri ikianza kushuka huteremka kwa kasi. Usiseme “asilimia 75 bado inatosha”.

Na nati. Kila mwaka zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kadiri ya mtengenezaji. Risasi ni laini. Ukikaza kwa hasira unakata uzi wake, ukilegeza panapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Mwaga maji ya magadi ya kupikia kwenye kitambaa kusafishia vichwa vya betri za risasi, lakini vifuniko vya seli viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani. Vaa miwani. Vua pete. Nimeona pete ya ndoa ikichomelea kwenye waya. Kidole kilipona, kwa alama.

Basi uchukue ipi?

Hoteli yenye chumba cha jenereta cha moto na mafundi wanaobadilika kila msimu: usinunue betri kwanza. Jenga kichumba kingine upande wa kivulini, dari lake lipakwe nyeupe, halafu weka zilizofungwa na mkataba wa ukaguzi wa kila miezi mitatu, na vipimo vya siku ya kwanza vibaki kwako, visiende na fundi. Ile hoteli ya mwanzo ilifanya hivyo. Betri mpya zina nafasi ya vidole viwili baina yake, na kiwaya cha joto kimebandikwa kwenye betri ya katikati, ambayo ndiyo huwa na joto zaidi.

Mahali penye sola na kukatika kila siku, na kijana anayejua kompyuta: lithiamu, na umwagize anayeuza akuachie programu ya kusomea na nenosiri lake kabla hujamlipa salio.

Stoo, kisima cha maji cha shehia, kituo kilicho mbali na fundi, lakini kina mtu mmoja asiyehama: ya maji. Huko Pemba sikusita. Mnunuzi alitaka kuziondoa zile za miaka tisa aweke lithiamu kwa sababu ni za kisasa. Tukazipima mzigo, zikatoa saa tisa na robo. Zipo mpaka sasa, na fedha ile imenunua feni na tangi la maji ya betri.

Ukinunua za risasi, tazama tarehe iliyogongwa kwenye ganda. Betri iliyokaa dukani miezi sita kwenye joto bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka kabla hujailipia. Na zile kuukuu usimpe mtu anayezivunja uani kuyeyusha risasi ya chubwi za nyavu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulijengewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia kwenye udongo na damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mtoto wa uani Micheweni au Nungwi hana tofauti na wa Owino Uhuru. Andika kwenye mkataba wa kununua kwamba anayeuza mpya anachukua za zamani, zikiwa nzima, wima, na vifuniko vyake.